Gari lilikuwepo, kaka

Shikamoo, kaka.

Wiki hii nimekupigia mara nne. Meseji zangu umezisoma, tiki za bluu naziona, ila jibu hakuna. Basi naandika hapa, mbele za watu, kwa kuwa na wewe ya kifo cha mdogo wetu uliyasema mbele za watu. Halafu fundi wa kibao cha wodi anakuja Jumamosi, siwezi kungoja tena.

Nianze na habari njema, maana najua ndiyo utakayoitafuta kwanza. Wodi ya wazazi imepauliwa. Mabati yametosha, misumari imebaki kilo mbili na nimeiingiza kwenye daftari. Kwenye karatasi za halmashauri pale pataitwa kituo cha afya, lakini hapa kijijini hakuna anayesema hivyo. Wanasema hospitali, na ukiwasahihisha wanakutazama tu kama mtu aliyesoma sana. Bibi wa pale mtoni amekuja mara tatu kugonga ukuta kwa fimbo, aone kama ni tofali kweli. Kazi umeifanya, kaka. Atakayebisha hilo nitagombana naye mimi.

Unakumbuka siku mliyokuja na wenzako wa klabu, na zile fulana zenye gurudumu la Rotary? Wazee wakaninong'oneza, hiki nacho ni chama gani, uchaguzi si bado? Ukakaa nao kwenye benchi ukawaeleza taratibu: kwamba Rotary ni klabu za watu wa kujitolea, ilianza Chicago mwaka 1905, wakili Paul Harris na wenzake wakikutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule, ndipo likatoka hilo jina la kuzunguka. Ukafika kwenye polio, kampeni waliyoianza mwaka 1985, na mzee mmoja akadakia, "Kumbe nyie ndio wa matone!" Baada ya hapo ungewaomba hata ng'ombe wangekupa. Ukawasimulia na ya Kampala, namna wenzenu wanavyokimbia barabarani tangu 2012 kuchangia jengo la mashine za mionzi ya saratani pale hospitali ya Nsambya, na jinsi ile mashine pekee ya hospitali ya Mulago ilivyokufa mwaka 2016 wagonjwa wakabaki wanatazamana. Nilikuwa nimesimama nyuma na sinia la chai, nikajivunia. Huyu ni kaka yangu.

Ukasema ukweli mwingine siku ile ambao wengi hawakuupenda. Kwamba ile ruzuku kubwa ya Rotary inanunua vifaa, haijengi kuta. Kuta ni zenu, ulisema. Tukazijenga. Msaragambo kila Alhamisi, kina mama na kokoto kichwani, mawe kutoka bondeni, mpaka boma likafika kwenye lenta. Hapo likasimama. Masika mawili limenyeshewa, nyasi zikaota ndani, mbuzi wakahamia. Kwa hiyo uliponipigia kusema klabu imekubali kuandaa chakula cha hisani huko Dar, nilikuwa tayari kupiga magoti.

Nilikuja na ile kitenge uliyoninunulia. Mkaniweka meza ya karibu na jikoni. Sikulalamika, mweka hazina wa kamati ya kijiji akae wapi tena? Mkaanza kwa kusoma yale maswali yenu manne, wote mmesimama. Je, ni kweli? Je, ni haki kwa wote wanaohusika? Je, litajenga nia njema na urafiki bora? Je, litawanufaisha wote wanaohusika? Uliniambia baadaye kuwa yalitungwa mwaka 1932 na mfanyabiashara wa Chicago ambaye kampuni yake ilikuwa inazama. Mimi lilinikaa lile la kwanza. Fupi, halina pa kujificha.

Sahani zilikuwa zinaondolewa uliposimama. Ukutani ikatokea picha ya mdogo wetu, ile ya kanga ya njano. Picha hiyo niliipiga mimi, na hukuniuliza. Ukasema, na sauti ikakukatika pale pale ilipopaswa kukatika: "Mdogo wangu alikufa kwa sababu usiku ule hakukuwa na gari."

Ukumbi ulilia. Mama mmoja wa meza yetu alishika mkono wangu bila kunijua. Ahadi zikaanza kumiminika, na wewe ukataja milioni tano, na nakiri mbele ya wanaosoma kwamba ulizilipa zote, risiti niliandika mwenyewe. Na mimi nilipiga makofi.

Gari lilikuwepo, kaka.

Lilikuwepo, lilikuwa na mafuta, na lilikuwa limeshageuzwa kuelekea barabarani. Juni 2014, ukungu umeshuka hadi mlangoni. Mtoto alikwisha zaliwa pale zahanati, analia vizuri. Nesi amemchoma mama yake sindano, damu imepungua, lakini ameandika rufaa na amesema mara mbili: huyu anahitaji kuongezwa damu, mpelekeni Lushoto sasa hivi. Mzee mwenye Land Rover akasema usiku huu na ukungu huu ni 80,000. Mchana ni 30,000. Ukasema huo ni wizi, watu wanafanya msiba mtaji. Ukasema damu imekata, tusubiri mwanga. Nayaandika kama ulivyoyasema kwa sababu nimekaa nayo miaka yote hii. Tukaondoka saa kumi na mbili alfajiri kwa 30,000. Hatukufika lami.

Na yule mzee bado yupo. Video ya hotuba yako imezunguka kwenye makundi yote ya WhatsApp ya huku, na mjukuu wake akamwonyesha. Alikuja barazani kwangu, akakaa, akanywa chai hadi ikaisha. Akaniuliza, "Binti, kwani lile langu lilikuwa nini?" Ningemjibu nini, kaka? Aliyeamka usiku wa manane akawasha gari ni yeye. Sasa vijana wanaamini kijiji hiki hakikuwa na mtu mwenye gari na roho ya kuamka.

Nakushauri kama mdogo wako, na ushauri wa mdogo nao husikilizwa: usiisimulie tena habari ile kwa namna ile. Sema barabara ni mbaya, sema damu haikuwepo karibu, yote hayo ni kweli na yanatosha kumtoa mtu hela. Sisemi ulimuua. Ulikuwa umechoka, umetoka Dar siku hiyo hiyo, ulikuwa na hofu ya zile kona kwenye ukungu na aibu ya kusema una hofu. Mimi ningekuwa na hela ningelipa pale pale. Sikuwa nazo. Sanduku la VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, lilikuwa chumbani kwangu, hilo unalijua, lakini sanduku lile lina kufuli tatu na mimi nilishika ufunguo mmoja tu. Na hela ni za wanachama. Mweka hazina akianza kufungua sanduku usiku kwa shida za nyumbani kwake, kikundi kitadumu? Siku zote nimekuwa mwangalifu na hela za watu, ndiyo maana hata mabati yako leo hayakupungua hata bati moja.

Ufunguo wa pili ulikuwa kwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Wa tatu ulikuwa kwa nesi.

Kwa nesi, kaka. Alikuwa amesimama mbele yangu.

Sijawahi kumwambia mtu hili. Nimelifuta mara mbili hapa, nimelirudisha.

Haya, kibao. Maandishi uliyoyatuma yanasema wodi hii inaitwa kwa jina la mdogo wetu, "aliyefariki kwa kukosa usafiri". Mwanawe yuko darasa la tano. Anasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye magunia ya saruji, na wamempanga akate utepe. Atasoma kibao, kisha atamwona yule mzee amekaa mstari wa mbele kwa sababu nimemwalika mimi, na Land Rover yake itakuwa imeegeshwa pale nje, maana kwa umri wake hatembei tena mpaka huko juu. Huyo mtoto ataniuliza mimi, si wewe.

Nimepanga hivi. Fundi aandike jina lake, mwaka aliozaliwa na mwaka aliofariki. Na jina la klabu yenu pale chini, mmestahili. Ukitaka maneno mengine nipigie kabla ya Jumamosi saa nne, ndipo atakapoanza kuchonga. Ukinyamaza nitachukulia umekubali.

Chumba chako nimekipiga deki. Njoo na sweta, huku baridi imeshaanza.