Mheshimiwa Waziri wa Afya, mkono uliopooza nao upewe haki yake

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na wengi ninaowahudumia wamepata kiharusi. Naomba mwongozo wa huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mgonjwa uwezo wake, utaje wazi mazoezi yanayooanisha mikono na miguu, na yasikatizwe siku mgonjwa anapoweza kutembea hadi mlangoni.

Kwa sasa, akishapiga hatua chache tu, kitanda kinahitajika na anaruhusiwa kwenda nyumbani. Mguu umehesabiwa. Mkono bado umekunjamana kifuani, na kwa kuwa ule mzima unajitosheleza kwa kijiko na vifungo vya shati, ubongo unazoea kuupuuza mwenzake. Mwanasaikolojia Edward Taub wa Marekani alionyesha kuwa sehemu ya ulemavu huu ni mazoea, na mazoea hubadilika. Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya utafiti wa EXCITE, uliohusisha watu 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 nyuma. Waliofungwa mkono mzima ili wautumie ule dhaifu, wakafanya mazoezi makali kwa wiki 2, walipata nafuu kuliko waliopata huduma za kawaida, na mwaka mmoja baadaye nafuu hiyo ilikuwapo.

Lakini nani anakamua nguo kwa mkono mmoja? Hata kutembea si kazi ya miguu peke yake: mkono wa kushoto huenda na mguu wa kulia, kwa sababu neva za uti wa mgongo zinazoendesha viungo hivi zimeungana. Ndiyo maana tunamfundisha mgonjwa kupunga mikono anapotembea, na kusukuma na kuvuta kwa mikono yote miwili akifuata mdundo. Mtafiti Jill Whitall na wenzake walijaribu zoezi hilo la mdundo kwa watu 14 waliokuwa wameishi na kiharusi kwa muda mrefu, na matokeo waliyoyatoa mwaka 2000 yalionyesha kuwa baada ya wiki 6 mkono dhaifu ulikuwa umeimarika.

Sidai kwamba mazoezi ya mikono miwili yanayashinda ya mkono mmoja. Wote wakifanya kwa kiasi kilekile, tofauti ni ndogo. Kinachohitajika ni marudio, mamia kwa mamia, ya vitendo anavyovihitaji mtu mwenyewe. Wala siombi haraka: utafiti wa AVERT wa mwaka 2015 ulionya dhidi ya kumnyanyua mgonjwa mara nyingi mno ndani ya saa 24 za mwanzo.

Marudio hayo hayapatikani wodini kwa siku chache. Bima igharamie miezi, si vipindi viwili vitatu. Ndugu wanaomuuguza wafundishwe kabla hajatoka. Na katika fomu ya kumruhusu mgonjwa, panapoulizwa kama anatembea, paulizwe pia mkono wake unaweza kufanya nini, na ni nani atakayeendelea nao.

Wako mtiifu,
Mtaalamu wa fiziotherapia