Shukrani kwa mzee mwenye mbwa, Cuckmere Haven, pwani ya kusini mwa Uingereza

Mzee wetu, jina hatukukuuliza. Jumamosi ile ya Desemba mimi na mume wangu tulishashuka ufukweni, tunataka kupita chini ya majabali meupe ya Seven Sisters hadi Birling Gap. Ukatuzuia: maji yanajaa, na katikati hapana pa kupandia. Aibu iliyoje! Mume wangu mzaliwa wa Pangani, bamvua analijua tangu utotoni, ila baridi ilishamgandisha hadi akili.

Saa kumi jioni jua lilikuwa limezama. Ukatupakia garini, mbwa wako akanilalia miguuni kama blanketi, ukatufikisha stesheni ya Seaford. Na ile chai ya chupa! Haikuwa na tangawizi, lakini hatukubakisha tone. Asante sana, baba.