Mheshimiwa Waziri, tupeni mtambo wa kulinganishia vipimo vya hewa

Kwa Waziri anayehusika na Mazingira,
Kaunti ya Mombasa

Mheshimiwa,

Nafundisha sayansi katika shule moja ya Changamwe. Ombi langu ni moja: wanafunzi wetu waruhusiwe kulinganisha vipimo vyao vya hewa na vya mtambo ulioidhinishwa.

Tulianza na kadi nyeupe zilizopakwa mafuta ya kujipaka ili zinase vumbi na masizi. Tulizitundika langoni, karibu na jiko, nyuma ya madarasa na kwenye ua unaotazama barabara ya matrela. Siku chache zikipita unazitoa, unazikagua kwa lenzi na kuhesabu madoa. Ni sayansi ya bei ya chai na mahamri. Lakini hapa pwani kadi hudanganya, kwani upepo wa bahari hubeba chumvi. Ndiyo maana huweka pia sahani kavu: ukidondosha maji chumvi huyeyuka, masizi yakabaki.

Kwenye upepo ndiko kwenye utamu. Wanafunzi ambao wazee wao ni wavuvi walitufaa kuliko kitabu. Kusi huanza kushika kama mwezi wa Aprili na hutufikia ikiwa imepitia upande wa bandari ya Kilindini. Kaskazi ya Desemba hadi Machi huja na hewa ya kwingine kabisa. Kwa hivyo kadi ya Mei haisomwi kama ya Januari, tena Mei kuna masika, na mvua huosha hewa. Saa nazo zina mambo yake. Alfajiri upepo umelala, na moshi wa taka zilizochomwa usiku umetanda chini chini. Adhuhuri upepo wa bahari umeshautawanya. Afisa akija kupima saa saba mchana pekee, ataondoka akiamini hewa yetu haina neno.

Baadaye tuliazimwa kifaa kidogo kinachohesabu chembe kwa mwale wa leza, zile chembe laini zisizozidi mikromita 2.5 ambazo hupenya hadi ndani ya mapafu. Hapo tukakwama. Unyevu ukizidi, chembe hufyonza maji na kuvimba, na kifaa husoma zaidi ya kilichopo. Na Mombasa unyevu si mgeni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa chembe hizo kwa saa 24 usipite mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Kifaa chetu kikivuka hapo, mwanafunzi huniuliza, "Mwalimu, huu ni moshi ama ni mvuke?" Sina la kumjibu mpaka kifaa hicho kikae kwa muda kando ya mtambo wa kuaminika, msimu wa kusi na wa kaskazi.

Najua shule zetu ziko chini ya Serikali Kuu. Hewa, hata hivyo, ni yako: Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, na Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Hatuombi fulana za Siku ya Mazingira, hizo tunazo. Tunaomba mtambo mmoja upande huu wa Changamwe na Jomvu, ruhusa ya shule kuweka vifaa vyao kando yake, na matokeo yatolewe hadharani hata yakiwa mabaya. Upepo na unyevu vinapimwa tayari na Idara ya Hali ya Hewa pale Uwanja wa Ndege wa Moi. Ofisi yako ikituombea takwimu za kila saa, nusu ya kazi imekwisha.

Usidhani natia chumvi. Mtaa wa Owino Uhuru si mbali na hapa. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wakazi wake walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya madini ya risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri. Kadi zetu zisingeiona risasi hiyo. Kwa hilo huhitajika maabara. Lakini mtaa wenye watoto waliozoea kuandika kila asubuhi upepo unatoka wapi na moshi unaelekea wapi, utaanza kuuliza mapema zaidi.

Nitashukuru kujua ni afisa gani tumwone, na lini. Tutakuja na madaftari, pamoja na kurasa zenye namba ambazo hatuziamini.

Wako,
Mwalimu wa sayansi, Changamwe