Mashine za kupumulia zinahitaji wauguzi

Mhariri,

Naandika kuhusu huduma kwa wagonjwa mahututi wa korona. Tangu 2020, serikali za kaunti hupenda kutaja idadi ya mashine za kupumulia zilizonunuliwa. Lakini anayewahudumia wagonjwa hao ni nani? Mgonjwa aliyeingizwa kooni mpira wa mashine hiyo huwa amelazwa kwa dawa za usingizi. Hawezi kukohoa wala kuita. Lazima anyonywe makohozi, apimwe oksijeni ya damu na, hali ikizidi, alazwe kifudifudi kwa saa 16 au zaidi. Kumgeuza tu kunahitaji watu kadhaa, usiku na mchana.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha hospitali 64 katika nchi 10 za Afrika, ulionyesha kuwa karibu nusu ya wagonjwa mahututi wa korona walifariki ndani ya siku 30. Uhaba wa huduma ulichangia. Inauma sana!

Naziomba kaunti ziajiri kwa mikataba ya kudumu wauguzi waliosomea huduma ya wagonjwa mahututi, na zitenge fedha za kukarabati mitambo ya oksijeni kabla ya kuagiza mashine nyingine.

Msomaji,
Mombasa