Kwako uliyeondoka siku ya ile bloki

Ndugu yangu,

Ujumbe wa msiba nilikutumia mimi mwenyewe, usiku uleule, tiki mbili zikawa za bluu hapohapo na hukujibu. Nikasema sawa, labda yuko njiani, labda kashtuka, mtu akishtuka hawezi kuandika. Tumemzika Mzee, fundi aliyetufundisha kazi wote wawili, bila wewe. Nimekaa wiki tatu nasubiri hasira ipungue ndo niandike, haijapungua sana, ila nikizidi kusubiri sitaandika kabisa, na simu zangu hupokei, kwa hiyo naandika hapa ambapo najua utasoma hata kama hutasema umesoma.

Watu walijaa. Vijana wa kila mkupuo walikuja, wengine saivi ni mainjinia wenye karakana zao na wafanyakazi, na kila aliyesimama alisimulia ukali tu, huyu alirudishwa kukwangua gasketi ya zamani mara nne mpaka uso wa bloki, ule mwili wa injini, ukawa kama kioo, yule alifunguzwa boksi la gia lote kwa sababu ya washa moja iliyobaki mezani. Wanasimulia huku wanalia. Na mimi kila mlango ukifunguliwa nageuka kuangalia kama ni wewe.

Unasemaga kwa watu kwamba Mzee alikudhalilisha. Nimesikia, maneno yanatembea. Sasa nikuulize, kwenye hizo hadithi zako huwa unawaambia na habari ya miwani? Maana mimi nilikuwepo. Ule mwezi wa kwanza ambao hatukugusa spana hata moja, kazi ni maikromita tu, kile kifaa cha kupima unene wa chuma, kupima shingo za krenki pale beringi zinapokaa, watu watatu tunapima shingo moja kila mtu anaandika kwa siri alafu Mzee anafunua karatasi. Tofauti ya milimita 0.01 tu tunarudia wote. Alikuwa hataki hata tuikumbatie maikromita kiganjani muda mrefu, anasema joto la mkono linaitanua, vipimo vya dunia nzima vimewekwa kwa nyuzi joto 20 na mkono wako hauko 20. Na wewe ulikuwa unakosea kila siku. Alikugombeza wiki mbili mfululizo, mpaka mimi nikawa nakuonea huruma. Alafu siku moja akanyamaza anakuangalia, akakuhamisha kutoka meza ya ndani akakuweka dirishani, ukasoma sawasawa. Akakurudisha ndani, ukakosea. Dirishani tena, sawa. Kumbe macho. Kesho yake akakupeleka mwenyewe kupimwa, ukarudi na miwani, na kabla ya kazi kuanza akatuita wote akasema amemgombeza kijana wiki mbili kwa kosa ambalo si lake na anaomba radhi. Mzee yule, mbele ya vijana wenye umri wa watoto wake. Hiyo hujawahi kumsimulia mtu, au umewahi?

Na alikupenda wewe kuliko sisi, hili nalisema waziwazi na halinipi shida tena. Ile gari iliyokuja na P0171, ile namba ya hitilafu inayosomwa na mashine ya kupimia, kila mtu anataka kubadilisha sensa ya oksijeni kwa sababu mashine imesema mchanganyiko ni mwepesi, petroli haitoshi. Mzee akasimama pembeni, hajasema kitu. We ukazima redio, ukainama, ukasema kuna upepo unavuja. Tulikucheka. Ukakuta mpira mdogo nyuma ya menifoldi, bomba la kuingizia hewa, umepasuka upande wa chini, injini inavuta hewa ambayo haijapita kwenye kipimo, sensa ilikuwa inasema kweli tupu na sisi tulitaka kuitoa. Mbele yako alisema "funga, endelea na kazi." Ulipoondoka akatuambia sisi tuliobaki, huyu ana sikio, ninyi mna mashine. Hakukwambia. Ndivyo alivyokuwa, sifa zako unazisikia kwa watu wengine na makosa yako unayasikia kwake.

Tulipolalamika hatuna kifaa hiki wala kile anaanza ya Bertha Benz, mke wa Karl Benz mtengeneza magari, unaikumbuka, tulikuwa tunaimalizia sisi wenyewe. Mwaka 1888, mama na watoto wake wawili wa kiume, kilomita kama 100 na gari la matairi matatu ambalo mumewe hajawahi kulipeleka mbali, bomba la mafuta likaziba akalizibua kwa pini ya kofia, breki zikaisha akamwambia fundi viatu apigilie ngozi. "Na ninyi mmesimama mnasubiri ufunguo namba 13." Nimeisimulia makaburini, watu wakacheka kidogo.

Haya, ile siku.

Sitaki kujifanya naielezea kwa wasomaji, we unaijua, naiandika kwa sababu nimechoka kuibeba. Hedi ya alumini, kile kichwa cha injini, juu ya bloki ya chuma cha kutupwa, gari ilikuwa imechemsha, hedi imepinda, imeshachongwa na kupimwa kwa rula na fila geji, gasketi mpya, bolti 10 mpya kwa sababu za zamani zilishavutika hazirudiwi. Mwenye gari kasimama pale mlangoni anaangalia saa. Mzee kagawa kazi kama kawaida yake, wewe spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, mimi kusafisha matundu ya bolti na kuyapuliza kwa kompresa. Maana ukinyanyua hedi maji ya rejeta yanamwagikia humo, na matundu yale hayana mlango wa chini, kikiingia kitu kinakaa. Alishatufundisha mara ngapi, maji hayabanwi, ukishusha bolti juu ya maji unakuwa umetengeneza jeki ndani ya bloki.

Ukaanza vizuri. Kutoka katikati kwenda nje, mzunguko wa kwanza nyutoni mita 40, zote 10, alafu kuizungusha kila moja nyuzi 90, alafu nyuzi 90 nyingine. Bolti ya kona upande wa silinda namba nne, mzunguko wa mwisho. Ule mlio. Haukuwa mkubwa, ulikuwa kama mtu kavunja kijiti mfukoni. Alafu ule ufa, mwembamba, unashuka ubavuni mwa bloki na unyevu unatoka.

Mzee alikuja akaangalia, akakuangalia wewe, kwa sababu spana ilikuwa mkononi mwako. Akasema miaka miwili uko hapa na bado unakaza bila kusikiliza mkono wako. Mbele ya mwenye gari, mbele ya wale wapya. Akasema toka nje kakae. Na we ukaitupa ile spana chini kwenye sakafu, ile spana aliyokuwa anailegeza mpaka mwisho wa namba kila jioni kabla ya kuilaza kwenye boksi lake, ukaitupa kama jiwe, ukapita getini na hukurudi. Mimi hilo la kutupa sijaweza kulisamehe. Maneno yake yalikuwa makali, nakubali, ila mtu anakugombeza leo na kesho anakupeleka kupima macho, we ulikuwa unalijua hilo kuliko mtu yeyote, ulishindwa nini kukaa nje dakika kumi?

Na kuhusu matundu. Nilipuliza. Ndugu yangu, nilipuliza, naweza kuapa kwa matundu tisa kati ya kumi. Ile ya kona, bomba la kompresa lilikuwa linaishia palepale, inabidi uzunguke gari, na ndo wakati huohuo Mzee kaniita nikashike taa, nikashika taa, niliporudi gasketi ilishakaa na hedi inashushwa. Sikumbuki kama nilishapuliza ya kona au la. Nimejaribu kukumbuka kwa miaka 11 na kila nikikumbuka naona kitu tofauti. Na aliyeshika spana ndiye anayemulika tochi kabla ya kufunga, hiyo nayo alitufundisha, na wewe hukumulika. Lakini aliponyanyua macho akakuangalia wewe mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili na kitambaa mkononi, na sikufungua mdomo. Ningesema nini? Ningesema labda? Mwenye gari pale anapiga kelele za kulipwa, tungefukuzwa wawili badala ya mmoja, na mimi nyumbani kulikuwa na watu wananitegemea, we hukuwa na mtu. Nilijiambia kesho akirudi nitamwambia Mzee tukiwa watatu tu. Hukurudi. Sasa hilo nalo ni kosa langu?

Alafu ngoja nikwambie ambalo hulijui. Bloki hakuitupa. Aliilipa yeye, ikaletwa nyingine, na ile iliyopasuka akaiweka kona ya karakana juu ya stendi ya mbao. Kila mkupuo mpya ukija, siku ile ya somo la bolti, anawapeleka pale, anawaambia wapitishe kidole kwenye ufa. Anawaeleza kwamba nguvu yote unayoweka kwenye spana, karibu sehemu tisa kati ya kumi zinaliwa na msuguano, chini ya kichwa cha bolti na kwenye meno, kinachobaki kuvuta bolti ni kidogo sana, kwa hiyo ile namba haikwambii kama unavuta bolti au unasukuma maji. Na mtu akiuliza nani alipasua, anasema "mimi." Anasema niliruhusu hedi ishushwe bila kumulika matundu mwenyewe, alafu nikamgombeza kijana mzuri kwa kosa langu, akaondoka. Kila mkupuo. Na mimi nimesimama nyuma yao kama msaidizi wake, nasikia, naangalia chini.

Alikuwa ananiulizia habari zako. Nilikuwa namwambia anakusalimia, yuko bize, atapita. Hukuwahi kunituma salamu, nilizitunga. Mwaka jana alianza kusahau majina ya watu, lako hakulisahau, na spana yako aliipeleka ikapimwa upya usahihi wake na hakuna aliyeruhusiwa kuitumia. Niliona bora umalize ugomvi wako taratibu kuliko nikulazimishe uje. Pengine nilikuwa najilinda, kwa sababu mngekutana mngeongea, na mkiongea yangefika kwenye yale matundu. Sijui. Sikutaka kuandika hii sentensi, ila nimeshaiandika basi ikae.

Nenda kamwone mama, mjane wa Mzee. Hajui lolote la bloki, anajua tu kuna kijana mwenye miwani hakuja msibani.

Na karakana inafungwa. Watoto hawaiwezi, vyuma vyote vinaenda kwa watu wa chakavu mwisho wa mwezi, nimeomba nichukue ile bloki kabla hawajaja na wamekubali. Jumamosi asubuhi nitakuwa pale na gari la kubebea. Jamaa wamejitolea kunisaidia nimewakatalia. Peke yangu siinyanyui, njoo ushike upande wa silinda namba nne.