Mjomba, usiviuze vile vitabu kwa kilo

Mjomba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Nakuru. Mama ameniambia unasafisha stoo ya pale Kisumu, na kwamba vitabu vyako vya kompyuta vinaenda kwa wauza njugu wakafungie karanga. Tafadhali, usivitoe kwanza.

Najua wengi huona kitabu cha kompyuta kikizeeka ni takataka. Mimi sikubali kabisa. Mwaka 1951 Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill walichapisha kitabu kuhusu kuandaa programu za EDSAC, kompyuta ya Cambridge, Uingereza, iliyoanza kazi Mei 1949 na kulishwa kanda za karatasi zenye matundu. Humo walieleza jinsi ya kuweka akiba ya vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa, ili mwenzako asianze upya. Vijana wanaoandika programu hapo Kisumu hufanya hivyo hivyo kila siku, na wachache wamewahi kusikia majina hayo matatu. Hilo huniuma.

Hicho sitarajii kukikuta kwako. Ninachokiwazia ni kile cheupe cha C, lugha ya kuandikia programu, cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie. Hebu kifungue mwanzoni, penye programu ya kuandika "hello, world". Ikiwa inaanza moja kwa moja na main(), basi ni toleo la 1978. Lile la 1988 limeongezwa mstari wa #include juu yake, na jaladani pamepigwa kwa wino mwekundu ANSI C, yaani C ya kanuni rasmi za shirika la viwango la Marekani. Toleo la kwanza linaonyesha lugha yenyewe ilivyokuwa kabla haijawekewa kanuni rasmi, ndiyo maana nalitaka.

Wakusanyaji hupenda nakala safi. Mimi, zile hesabu zako za penseli pembeni mwa kurasa ndizo ninazozithamini zaidi. Ofisi nzima mkigombania kompyuta moja, ulikuwa unaendesha programu kwa penseli kwanza, mstari kwa mstari, ndipo uketi kwenye mashine. Usizifute.

Palipochanika pia usipige selotepu. Gundi yake hugeuka kahawia na kula karatasi. Viinue tu kutoka sakafuni na uvitenge na ukuta, maana unyevu wa ziwani na mchwa havina huruma. Nitapanda matatu Jumamosi nije nivichukue, na gharama ya kusafisha stoo ni juu yangu.