Barua ya wazi kwa Mheshimiwa wa uvuvi: ile injini iko wapi?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uvuvi wa kaunti yetu,

Salamu nyingi na pole na kazi. Mimi ni yule mama wa samaki, mwandishi wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi cha bichi yetu huku kisiwani Ziwa Victoria, uliniambia "mama wewe andika kila kitu". Haya, leo naandika nikiwa Kisumu kwa benchi ya hospitali, juu mpwa wangu alipigwa kasia usiku wa kuamkia Jumanne na daktari anasema mkono umevunjika mahali pawili.

Alikuwa doria. Unaijua doria yetu, vijana wanne, boti moja ya makasia na tochi ya simu. Walikuta watu wanakokota nyavu ndani kabisa ya mazalia, pale tumeweka mitungi ya njano kama maboya, wakawaambia kwa heshima watoke na jibu likawa kasia. Halafu wale wakakata kamba za maboya, wakawasha injini ya hospawa 40 wakapotea, vijana wetu wakabaki kupiga makasia mpaka asubuhi na mtoto analia kwa boti.

Mheshimiwa, si tulienda na wewe Kilifi, pale Kuruwitu? Wazee wakatueleza vile matumbawe yalikufa na joto la 1998, samaki wakaisha, mpaka 2005 wakakaa chini wenyewe wakafunga kipande cha bahari karibu hekta 30, ati hapa hakuna kuvua. Saa hii samaki wananona ndani wanavuliwa nje ya mpaka, na 2017 wakapewa zawadi ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Wewe ndiye ulisimama pale kwa mchanga ukasema ziwa haliwezi kushindwa na bahari, tukirudi tuchague mahali petu na injini ya 15 itafika kabla ya mvua. Mvua ya mwaka gani hukusema, hapo nimekuelewa.

Tulichagua. Tulibishana mikutano sita, waume wetu wenyewe wakatuita wachawi wa samaki, lakini tukafunga ile ghuba ya mafunjo. Unajua ngege jike, yaani tilapia, anaweka mayai mdomoni, na watoto wakiogopa wanarudi hapo hapo? Ukimvuta na nyavu ya kukokota anatema, vinamwagika kwa boti kama mchele. Mimi nimeviona, nikashindwa kula siku hiyo. Nyavu halali ya ngege ni inchi 5, hiyo yao hata kidole changu hakipiti.

Na ingine. Nyavu tulizokamata mwaka jana tulizipeleka ofisini kwenu tukaandikiwa karatasi. Mwezi uliopita nimeiona moja majini, ile ya kiraka cha bluu, kiraka nilikihesabu kwa mkono wangu. Watu wanasema wenye hizo nyavu ni wakubwa. Mimi sina ushahidi, lakini injini ya 40 si ya mvuvi wa omena, hao dagaa, hapo hata mtoto wa nasari anaweza kujumlisha.

Ofisi yako inatuambia samaki wamepungua juu ya gugumaji na maji taka. Sawa, ni kweli pia. Lakini gugumaji halijawahi kupiga mtu kasia.

Nilikuwa nauza beseni mbili za ngege kwa siku na karo inalipwa, sasa nanunua mgongo wazi, ile mifupa ya samaki iliyotolewa nyama, kwa deni nakaanga jioni, na wasichana wadogo wa bichi wanaingia jaboya, kulala na wavuvi ndio wapate samaki wa kuuza, hiyo sitaki kueleza zaidi juu wewe pia ni mzazi.

Tafadhali usituletee semina ingine. Tisheti tunazo, soda tumekunywa, picha na wewe tumepiga na ziko ukutani. Kanuni za BMU zinasema tulinde samaki pamoja na nyinyi, sisi upande wetu tumeweka mkono, na sasa huo mkono uko kwa plasta.

Leta injini mheshimiwa. Kama ya 15 ni ngumu leta hata ya 9, hata iliyotumika, fundi tunaye. Kesho usiku zamu ni ya kijana wangu wa mwisho na nimemkataza, lakini ameshaanza kufunga mitungi mipya.

Mimi mwandishi wa BMU